Shakespeare Hakuwa wa Zama Zote

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokubali kuitoa jioni yenu kwa ajili ya mtu aliyefariki mwaka 1616, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Miaka saba baada ya kifo cha William Shakespeare, waigizaji wawili waliofanya naye kazi walikusanya tamthilia zake 36 na kuzitoa katika kitabu kimoja kikubwa. Mwanzoni mwa kitabu hicho Ben Jonson, mtunzi mwenzake, aliandika shairi la kumsifu, na ndani yake akasema kwamba huyu hakuwa mtu wa zama moja bali wa zama zote. Kauli hiyo imerudiwa mno hata imekuwa kama dua, na mimi nimekuja kuipinga. Sisemi kwamba ni ya uongo kabisa. Nasema kwamba imetufanya wavivu. Tukishaambiwa kuwa mtu ni wa zama zote, hatuoni tena haja ya kuuliza aliishi chini ya sheria gani, alimwogopa nani na alilipwa na nani. Jonson mwenyewe aliyajua hayo kuliko sisi, maana alitiwa jela mwaka 1597 kwa tamthilia iliyowaudhi wakubwa, kisha akarudi jela mwaka 1605 kwa nyingine iliyowafanyia mzaha Waskoti wakati aliyekalia kiti cha enzi ni Mskoti.

Waswahili tunasema kila zama na kitabu chake. Ninachotaka kuonyesha ni namna kitabu hicho kinavyoandikwa, kwa sababu tumezoea kufundisha kwamba zama humpa mtunzi mada, naye akazipamba kwa kipaji chake, basi. Kwa Shakespeare naona mambo yalikwenda kwa njia iliyofichika zaidi. Zama zake zinaonekana hasa pale alipolazimika kuzunguka, pale ukurasa ulipokosekana, pale mhusika alipovaa nguo zisizo zake kwa sababu sheria na desturi hazikuacha mlango mwingine.

Tuanze na kiti cha enzi. Malkia Elizabeth I alitawala kuanzia mwaka 1558 hadi 1603. Hakuolewa, hakuzaa, wala kwa miaka yote hiyo hakutaka kumtaja hadharani atakayemrithi. Mwaka 1570 Papa Pius V alimtenga na Kanisa na kuwatangazia raia wake kwamba hawafungwi tena na kiapo cha utii kwake. Mwaka 1587 Mary wa Uskoti, ndugu yake wa damu aliyetazamiwa na Wakatoliki wengi kama malkia halali, alikatwa kichwa, na mwaka uliofuata merikebu za kivita za Hispania zikaonekana katika bahari ya Uingereza. Swali la nani atatawala kesho lilikuwa moyoni mwa kila mtu, na kulitamka kulikuwa hatari. Mbunge mmoja, Peter Wentworth, aliyeshikilia kwamba ni lazima Bunge lijadili swali hilo, alifungwa katika ngome ya Tower of London na kufia humo humo.

Sasa hesabuni pamoja nami. Kile kitabu cha mwaka 1623 kina tamthilia 10 zilizowekwa katika fungu la historia, zote zikihusu wafalme wa Uingereza. Tisa kati ya hizo Shakespeare alikwisha kuziandika kabla malkia hajafa, na karibu zote zinazunguka swali lile lile lililokatazwa: nani ana haki ya kutawala, na itakuwaje mwenye haki akiwa hafai, au anayefaa akiwa hana haki? Malkia alipofariki mwaka 1603, na James wa Uskoti akarithi bila damu kumwagika, Shakespeare aliliacha fungu hilo la historia, akawa haligusi tena mpaka karibu na mwaka 1613, alipoandika juu ya Henry wa Nane akishirikiana na mwenzake. Anayesema kwamba wafalme hao walimvutia kwa sababu ya mambo ya milele ya binadamu inambidi anieleze kwa nini umilele huo ulikoma mwaka 1603.

Mfano ulio wazi zaidi ni Richard wa Pili, tamthilia kuhusu mfalme asiye na mtoto, aliyezungukwa na wasifiaji, anayelazimishwa kumkabidhi binamu yake taji na hatimaye anauawa gerezani. Ilichapwa mara ya kwanza mwaka 1597, na mwaka 1598 ikachapwa tena mara mbili. Ukizishika nakala hizo na kufika pale mfalme anapovuliwa madaraka mbele ya Bunge, utagundua kwamba kitendo chenyewe hakimo. Anakabidhi taji kwa binamu yake, anaomba kioo ajitazame uso, anakivunja vipande: mistari zaidi ya 150 ambayo leo tunaihesabu kuwa moyo wa kazi nzima, haipo. Ilichapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1608, miaka mitano baada ya malkia kuzikwa. Wapo wataalamu wanaosema iliandikwa baadaye; mimi nakubaliana na wanaosema ilikuwapo tangu mwanzo ikazuiliwa, kwa kuwa maneno yanayofuata mara baada ya pengo hilo yanazungumzia jambo la kuhuzunisha lililokwisha kutazamwa, na katika nakala za mwanzo hakuna lililotazamwa.

Hofu ya wakubwa haikuwa ya bure. Jumamosi tarehe 7 Februari 1601, wafuasi wa kabaila Robert Devereux, aliyejulikana kwa cheo chake cha Essex, waliwalipa waigizaji wa kundi la Shakespeare shilingi 40 zaidi ya mapato yao ya kawaida ili waigize katika jumba lao la maonyesho, Globe, tamthilia ya kuondolewa na kuuawa kwa Mfalme Richard. Asubuhi iliyofuata Essex aliingia mitaa ya London na watu wake wenye silaha akitarajia wakazi wamwunge mkono. Hawakutokea, na kabla ya usiku alikuwa amekamatwa. Augustine Phillips, mmoja wa wenye hisa katika kundi, aliitwa kuhojiwa, akajitetea kwa hoja ambayo nimeipenda siku zote: kwamba tamthilia ile ni kuukuu, haijachezwa siku nyingi, na wao walidhani haitavuta watu. Yaani ili kuokoa shingo za wenzake alilazimika kuishusha thamani kazi ya rafiki yake. Hoja ilikubaliwa. Tarehe 24 Februari kundi lile lile liliitwa kuigiza mbele ya malkia, na kesho yake asubuhi Essex akakatwa kichwa. Miezi michache baadaye, kwa mujibu wa kumbukumbu iliyobaki, malkia alimwambia mtunza nyaraka wake, William Lambarde: kwani hujui kwamba Richard wa Pili ni mimi?

Hayo yalihusu taji, lakini jicho la dola lilifika mbali zaidi. Kila tamthilia kabla ya kuchezwa ilipelekwa kwa Mkuu wa Burudani za Kifalme, Edmund Tilney, ambaye alisoma, akapiga mistari na kutoa idhini. Tunao mswada mmoja wenye mwandiko wake, unaohusu maisha ya Thomas More, kiongozi wa serikali wa zama za Henry wa Nane, ulioandikwa na watunzi kadhaa na kurekebishwa mara kwa mara. Upo mpaka leo katika maktaba ya taifa ya Uingereza. Kisa kimojawapo ndani yake ni ghasia za mwaka 1517, wakazi wa London walipowavamia wageni. Pembezoni Tilney ameandika amri: ondoeni uasi wote na chanzo chake. Alikuwa na sababu, maana katika miaka ya 1590 jiji lilikuwa na wakimbizi wa Kiprotestanti kutoka Ufaransa na nchi za Waholanzi, na mafundi wenyeji walikuwa wakinung'unika kwamba wananyang'anywa kazi. Mwaka 1593 tangazo la vitisho lilibandikwa kwenye ukuta wa kanisa la Waholanzi. Katika msako uliofuata mtunzi Thomas Kyd alikamatwa na kuteswa.

Kurasa tatu za mswada huo wataalamu wengi wanaziona kuwa mwandiko wa Shakespeare mwenyewe. Ndani yake More anawakabili wenye ghasia. Anawataka wawaone kwa macho yao wageni wale wakitembea kwenda bandarini, watoto mgongoni na vifurushi vyao vya kimaskini, kisha anawauliza: na ninyi mfalme akiwafukuza kwa kosa hili, mtakwenda wapi? Ufaransa? Ujerumani? Hispania? Popote mtakapofika mtakuwa wageni. Nimewahi kusikia maneno hayo yakisomwa kana kwamba yameshuka kutoka mbinguni kwa ajili ya karne yetu. Hayakushuka. Yaliandikwa kwa mkono uliokuwa na haraka, pasipo alama za kutosha za kutenganisha sentensi, na mtu aliyekuwa akijaribu kuipitisha tamthilia iliyokwama mezani kwa ofisa wa serikali, katika jiji ambalo wageni hao walikuwa majirani.

Jukwaa lenyewe nalo lilikuwa na amri zake. Sheria ya mwaka 1572 iliwaweka waigizaji wasio na kabaila wa kuwadhamini katika kundi moja na wazururaji, na mzururaji aliyepatikana na hatia alichapwa viboko na kutobolewa sikio kwa chuma cha moto. Ndiyo sababu kundi la Shakespeare lilibeba kwanza jina la ofisa mkuu wa nyumba ya malkia, na tangu Mei 1603 jina la mfalme mwenyewe. Jumba la Globe lilisimamishwa mwaka 1599 kusini ya Mto Thames, kwa mbao za jumba la zamani walizozing'oa mwishoni mwa Desemba 1598 baada ya kugombana na mwenye ardhi. Halikuwa na paa katikati, na maonyesho yalifanyika alasiri, jua likiwaka. Aliyelipa peni 1 alisimama uwanjani mbele ya jukwaa.

Sasa fikirini mwanzo wa Hamlet. Askari wawili wako lindoni usiku wa manane, baridi kali, hawaonani. Wa kwanza anauliza, "Nani hapo?" Mwenziwe anamrudishia: la, nijibu wewe, simama ujitambulishe. Anayekuja kushika zamu ndiye anayemsaili anayelinda. Wameambizana saa, baridi na uchovu wa moyo kabla mistari kumi haijaisha, na mamia ya watu waliosimama juani wameingia gizani bila taa hata moja kuzimwa. Mtunzi wa leo humwachia fundi wa taa kazi hiyo. Shakespeare hakuwa na fundi wa taa, kwa hiyo ushairi ulibeba usiku, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita utajiri wa lugha yake ilizaliwa na upungufu wa vifaa.

Wanawake hawakuruhusiwa na desturi kupanda jukwaani katika majumba hayo. Nafasi zao zilichezwa na wavulana ambao sauti zao hazijavunjika. Mtunzi mwingine angeliona tatizo. Shakespeare aliligeuza mchezo: wahusika wake wa kike Portia, Rosalind na Viola wote wanajivika nguo za kiume, hata hadhira ikawa inamtazama mvulana anayejifanya mwanamke anayejifanya mvulana. Katika Antony na Cleopatra alithubutu jambo kubwa zaidi. Malkia wa Misri, akikaribia kufa, anasema hataki kupelekwa Roma akaone mvulana mwenye sauti nyembamba akimwigiza na kuudhalilisha utukufu wake. Aliyeyatamka maneno hayo mbele ya watu alikuwa mvulana. Kama angetetereka kidogo, ukumbi mzima ungecheka na tamthilia ingeanguka papo hapo. Kuandika mstari wa namna hiyo kunataka mtunzi anayemjua mchezaji wake kwa jina na anayejua sauti yake imebakiza miezi mingapi.

Kuhusu tauni nitasema machache, kwa sababu imesemwa sana. Ilifunga majumba ya maonyesho kwa sehemu kubwa ya kipindi cha kati ya 1592 na 1594, ikamsukuma Shakespeare kuandika mashairi marefu mawili na kuyatabaruku kwa kabaila kijana wa Southampton; mwaka 1603 iliua zaidi ya watu 25,000 mjini London. Ajabu ni kwamba hakuandika hata tamthilia moja juu yake. Lakini Romeo na Juliet wanakufa kwa sababu barua haikufika, na barua haikufika kwa sababu mtawa aliyetumwa alifungiwa ndani ya nyumba iliyoshukiwa kuwa na tauni. Kwetu kisa hicho kinaonekana bahati mbaya iliyolazimishwa. Kwa hadhira ile kilikuwa habari ya mtaa wa pili.

Alipokuja James hewa ilibadilika, na kalamu ikabadilika nayo. Mfalme huyu alikuwa amechapisha kitabu kuhusu uchawi mwaka 1597; katika kitabu kingine alimwonya mwanawe asije akazigawa falme zake; na alipofika London alitaka Uingereza na Uskoti ziwe nchi moja, jambo ambalo Bunge lilimkatalia. Mnamo tarehe 26 Desemba 1606 kundi la Shakespeare lilimwigizia Mfalme Lear, tamthilia ya mfalme mzee anayeigawa Britania kwenye ramani na kuwapa binti zake. Wakwe wawili wanaonufaika na mgawo huo wana vyeo vya Cornwall na Albany, vyeo ambavyo siku hiyo vilishikwa na wana wawili wa James. Siamini kwamba huko ni kumbembeleza mfalme tu. Ni kweli Mfalme Lear anaonyesha maafa ya kugawa nchi, kama James alivyopenda kusikia. Lakini pia inamwonyesha mfalme akiwa nje kwenye mvua, akitambua kwamba hakuwajali maskini wasio na paa alipokuwa na uwezo wa kuwajali.

Macbeth, ya karibu na mwaka 1606 huo huo, inawafahamu wachawi wa mfalme na kumtukuza Banquo, aliyedhaniwa kuwa babu wa ukoo wa James. Hayo yameandikwa katika kila utangulizi wa shuleni. Kinachonivutia zaidi ni lugha. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba 1605 mapipa 36 ya baruti yaligunduliwa chini ya jengo la Bunge, na Mei iliyofuata padri Mjesuiti Henry Garnet alinyongwa kwa kuhusishwa na njama hiyo ya Wakatoliki ya kumlipua mfalme. Katika kesi yake lilizungumzwa sana fundisho la kusema maneno yenye maana mbili mbele ya hakimu, ili usiseme uongo na pia usiufichue ukweli. Bawabu mlevi wa Macbeth anamkaribisha motoni mtu wa ndimi mbili wa namna hiyo, aliyefanya uhaini kwa ajili ya Mungu lakini akashindwa kumdanganya Mungu. Hadhira ilicheka ikijua anayesemwa. Lakini tazameni ujenzi wa tamthilia nzima: Macbeth anaangamizwa na ahadi za ndimi mbili, kwamba hatashindwa na aliyezaliwa na mwanamke, kwamba yuko salama mpaka msitu utembee. Habari ya mahakamani imeacha kuwa utani wa bawabu, imekuwa mfupa wa mgongo.

Niruhusuni kutoka nje ya njia kidogo. Mwalimu Julius Nyerere alipoifasiri tamthilia ya mfanyabiashara wa Venice na kuitoa mwaka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Neno "wafanyabiashara" alikuwa nalo. Lakini miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Azimio la Arusha, na neno lililokuwa hai vinywani mwa watu lilikuwa hilo jingine. Basi tunayoisoma kwa Kiswahili ina mihuri miwili ya tarehe, wa mtunzi na wa mfasiri, nami naona imenufaika.

Namalizia na nafaka. Kati ya mwaka 1594 na 1597 mvua ziliharibu mavuno ya Uingereza mfululizo, bei zikapanda, na serikali ikaagiza ihesabiwe nafaka iliyofichwa majumbani. Orodha ya mji wa Stratford, alikozaliwa Shakespeare na ambako alikuwa amenunua nyumba kubwa mwaka mmoja nyuma, ina tarehe ya Februari 1598. Jina lake limo. Amekutwa na kimea, shayiri iliyotayarishwa kwa kutengenezea bia, kiasi cha karibu lita 2,800. Majirani zake wengi walikuwa nacho pia, na mji ule uliishi kwa biashara hiyo. Lakini ilikuwa shayiri iliyokaa ghalani wakati mkate umekuwa adimu.

Mwaka 1607 wanavijiji wa wilaya za katikati ya nchi, pamoja na wilaya yake mwenyewe ya Warwickshire, waliinuka na majembe kung'oa nyua ambazo wenye mashamba walizungushia ardhi ya pamoja ili wafuge kondoo. Walivunjwa kwa silaha, na makumi wakauawa. Karibu na mwaka 1608 Shakespeare aliandika Coriolanus, kisa cha Roma ya kale alichokitoa kwa Plutarko, mwandishi wa kale wa Kigiriki. Kwa Plutarko, watu wa Roma wanaanza kuasi kwa sababu ya madeni na riba. Njaa inakuja baadaye. Shakespeare aliupindua mpangilio huo. Pazia halikuwapo, kwa hiyo tamthilia inafunguka kwa kundi la raia wanaoingia moja kwa moja na marungu, na neno la kwanza kubwa wanalolitamka ni mkate. Kabaila Menenius anakuja kuwatuliza, akiwaambia kwamba wakubwa wanawatunza kama baba. Raia wa kwanza anamjibu kwamba hawajapata kuwajali hata siku moja: wanawaacha wafe njaa, na maghala yao yamejaa nafaka pomoni.

Aliyemwandikia raia huyo jibu lake ndiye aliyekuwa na jina katika orodha ya Stratford miaka kumi nyuma.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.